Mkwaju, Nyota na Jina la Cibalonza

Makosa mia moja na kumi na mawili. Hiyo ndiyo hesabu iliyotokea kwenye ekrani ya kompyuta mara ya kwanza nilipojaribu kuitayarisha programu ya Nestor, na Nestor alikuwa ameandika kwa mkono wake juu ya bahasha ya disketi: "Imejaribiwa. Haina kosa." Vijana wangu, ninyi ambao mashini zenu zinawasahihishia hata mambo msiyoomba, nataka niwaeleze namna watu wawili wanavyoweza kusema kweli kwa wakati mmoja, mmoja akiapa programu ni nzima, mwingine akiapa ni mgonjwa, na wote wawili wasiwe waongo. Nimeandika programu hapa Bukavu mpaka macho yakachoka na nikastaafu. Lakini nikiikumbuka miezi ile, bado nashindwa kukaa kwenye kiti.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili ya Kongo. Ofisi yetu ilikuwa na kazi moja: kuwatafutia wazazi watoto waliopotea njiani. Mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo niwaambie inavyokuwa. Risasi zinalia, kijiji kizima kinatoka mbio, mama amebeba godoro na mdogo mgongoni, mkubwa ameshika kitenge chake. Watu wanasukumana kwenye daraja. Mama akigeuka, kitenge kipo, mkono haupo. Basi wenzetu walikuwa wanazunguka kwenye parokia, kambi na shule, wakiandika majina ya watoto waliokutwa peke yao. Sisi mjini tuliandika majina ya wazazi waliokuja kuuliza. Orodha mbili. Kazi ilikuwa kuzikutanisha.

Mwanzo tulizikutanisha kwa vidole. Kidole cha kushoto kwenye karatasi ya wazazi, cha kulia kwenye ya watoto, na ukipiga chafya unaanza upya. Ndiyo maana Nestor, Mkongomani mwenzetu aliyekuwa ofisi kuu kule Nairobi, alituandikia programu ya kuifanya kazi hiyo.

Shida ni kwamba Nestor alikuwa na mashini mpya, na sisi tulikuwa na ya Papa Déo.

Papa Déogratias Cirimwami ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Bagira, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia, na lugha ya kuandikia programu iitwayo C alijifunza peke yake katika kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa kumi za katikati. Mambo ya kurasa hizo aliyagundua mwenyewe kwa kujaribu. Waporaji walipopita ofisini walichukua kompyuta mbili. Ya tatu Papa Déo alikuwa ameibeba mapema mpaka kwake Bagira na kuificha katika banda la kuku, chini ya kuku aliyelalia mayai. Hakuna askari aliyemsumbua kuku yule. Ila kwa miezi mingi, kila tulipoiwasha, feni yake ilitupulizia manyoya.

Programu iliyokwishatayarishwa Nairobi ilikataa kabisa kufanya kazi kwenye mashini hiyo ya zamani. Basi Nestor akatutumia maandishi yenyewe, kwenye disketi mbili, ili tuyapitishe hapa katika kompilateri yetu. Kompilateri, kwa ambao hamjui, ni programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashini inaweza kukitenda. Ikikuta neno isilolielewa, inakataa na kukuambia mstari gani. Yetu ilikataa mara mia moja na kumi na mbili.

Nilikaribia kulia. Papa Déo alivuta kiti, akasogeza miwani.

"Espé, soma ile ya kwanza tu."

"Papa, ziko mia na kumi na mbili."

"Ya kwanza njo kosa. Ile ingine yote ni batoto yake."

Shikeni hilo: la kwanza ndilo kosa, mengine ni watoto wake. Kompilateri ikijikwaa mahali pamoja inaanguka mpaka chini, na kila inapogusa katika kuanguka inaita kosa. Msikimbilie la hamsini. Rekebisheni la kwanza, pitisheni tena, muone mangapi yamekufa pamoja nalo.

La kwanza lilikuwa maelezo. Mwandishi wa programu huacha vijineno vya kumweleza msomaji, ambavyo mashini inatakiwa kuviruka. Nestor alivitanguliza kwa mikwaju miwili, hivi: //. Kompilateri yetu haikuwahi kuona kitu kama hicho. Yenyewe ilifuata kanuni za C za mwaka themanini na tisa, ambazo maelezo yake yanafunguliwa kwa mkwaju na nyota, /*, na kufungwa kwa nyota na mkwaju, */. Mikwaju miwili iliingia rasmi katika kanuni mpya, zile za mwaka tisini na tisa, na mashini ya Nestor ilikuwa inazijua tayari.

"Kwa hiyo Nestor amekosa?" nikauliza.

Papa Déo akacheka. "Mama yangu kule Walungu, akisikia luga yetu ya Mashi mu kinywa ya bilenge, bale vijana ba Kadutu, anasema haiko Mashi. Na bo banasema mama anaongea mambo ya zamani. Nani amekosa? Ni luga moja. Sheria njo mbili."

Nilipoelewa hivyo, hofu ilinitoka na nikaingiwa na kitu kingine kabisa, kama mtu aliyepewa kitendawili chenye jibu. Tulikuwa na umeme kwa zamu, mtaa wetu ukipata asubuhi mpaka saa nane. Basi tulifika saa moja kamili. Papa Déo alichukua chaki, akaandika kwenye mbao za mlango: 112. Tulipoondoa mikwaju katika faili la kwanza akafuta, akaandika 71. Maman wa usafi alisimama na ndoo yake, akauliza ile ni namba ya nini. Tukamwambia. Kuanzia hapo kila akipita alikuwa anachungulia mlango.

Lililofuata lilikuwa mahali pa kutangaza vitu. Katika kanuni za zamani, ukitaka sanduku la kuwekea namba au jina, unalitangaza mwanzoni mwa fungu, kabla hujaanza kazi yoyote, kama mpishi anayepanga vyungu vyote mezani kabla ya kuwasha moto. Nestor alikuwa anapika, anakumbuka chungu, anakitoa kabatini katikati. Kanuni mpya zinamruhusu. Zetu, hapana. Nikahamisha vyungu vyake vyote juu, kimoja kimoja. 38. Halafu mizunguko yake ya kurudia kazi, ambayo aliianzisha kwa for (int i = 0, akitangaza kihesabio ndani ya mabano yenyewe. Huko nako tukakitoa kihesabio nje, kikaenda kukaa juu na wenzake. 17. Halafu 6.

Niwaambie ukweli, sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile. Nje kulikuwa na vizuizi barabarani na habari mbaya kila jioni, na ndani mimi nilikuwa nashuka kutoka mia moja na kumi na mbili kwenda sifuri, nikiwa na manyoya ya kuku kwenye nywele.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Maelezo ya Nestor yalikuwa mengi mno, hasa katika faili la mwisho. Nikaona nijiharakishe. Niliiamuru mashini igeuze kila // kuwa /* kwa mkupuo mmoja, kisha nikaanza kushuka mstari kwa mstari kwa mkono, nikiweka */ mwishoni mwa kila elezo. Karibu na chini dereva wetu, Dieudonné, aliingia kuomba karatasi ya ruhusa ya njia. Nikampa, nikarudi, nikaendelea. Nilipopitisha, kompilateri ilikaa kimya. Kosa hakuna. Papa Déo aliandika sifuri kubwa mlangoni, na maman wa usafi akapiga kigelegele kimoja kwa niaba yetu wote.

"Kesho tuifanyie interro," akasema Papa Déo, maana mwalimu haachi ualimu. "Tuiulize maswali yenye tunajua jibu."

"Papa, Nestor alishaijaribu. Na leo batu banangoja."

Akaweka chaki, akafungua mlango. Watu kweli walikuwa wanangoja. Walijaa uani.

Juma lililofuata alikuja Maman Sifa, mkulima wa Mumosho. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alikuwa anamtafuta binti yake, Cibalonza, miaka tisa, aliyepotea walipokimbia kuelekea bonde la Ruzizi. Nikaandika jina kama alivyonionyesha kwenye kadi ya ubatizo, nikabonyeza, nikangoja.

"Maman, jina yake haiko."

"Muliangalia muzuri?"

"Mashini njo inaangalia, Maman. Mashini haichokake."

Nilisema hivyo. Kwa majivuno. Alifunga kadi katika ncha ya kitenge, akasema aksanti, akaenda.

Zikapita kama wiki tatu. Njia ya Kamanyola, kule chini katika bonde la Ruzizi, ilikuwa imefungwa muda mrefu; majina ya huko yalikuwa yametufikia kwenye disketi iliyoletwa kwa miguu, bila karatasi zake. Njia ilipofunguliwa kidogo, Dieudonné akaleta boksi la fishi, zile karatasi zenyewe, moja kwa kila mtoto, ili tuzihakiki. Nilikuwa nazipanga mezani, mchana, dirisha wazi. Nikaokota moja. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu: Tchibalonza. Mtoto wa kike, miaka tisa hivi. Mama: Sifa. Anasema kwao ni Mumosho. Kovu la moto, mkono wa kushoto.

Niliziacha nyingine zote mezani, nikaenda na hiyo moja kwenye kompyuta. Nikatafuta kwenye mashini lini jina hilo liliingizwa. Lilikuwa ndani kabla Maman Sifa hajaja. Siku ile nilipomwambia hayupo, binti yake alikuwa humo humo, ndani ya mashini isiyochoka.

Ninyi mnaojua majina ya kwetu mmeshaelewa. Jina la lugha yetu ya Mashi lenye C mbele, mmoja anaandika C, mwingine Ch, aliyesomea Kifaransa anaandika Tch. Nestor alilijua hilo, naye ni mtoto wa nyumbani. Aliniambia kabisa katika barua iliyokuja na disketi kwamba programu inazifanya zote tatu kuwa C kabla ya kulinganisha. Basi kwa nini haikufanya?

Nilimwita Papa Déo. Hakusema "nilikuambia". Alikaa, akasema tu: "Andika jina yangu ku liste ya batoto. Na C."

Nikaandika Cirimwami.

"Sasa unitafute na Tch."

Nikatafuta Tchirimwami. Mashini ikajibu kwamba hakuna.

"Inasema mi siko mimi," akasema. "Twende kuangalia juu ya nini, sababu ni gani."

Ilikuwa saa sita na nusu. Tulikuwa na saa moja na nusu ya umeme. Papa Déo akafungua disketi ya Nestor, ile ya asili, ambayo alinikataza tangu mwanzo kuigusa, na akachapisha faili la mwisho. Mimi nikachapisha la kwangu. Akaanza kunisomea la Nestor kwa sauti, mstari kwa mstari, alama kwa alama, kama mwalimu anayetoa diktée darasani, nami nikifuata kwenye langu kwa kalamu. Mkwaju, mkwaju, nyota, mabano. Maman wa usafi alifunga mlango ili wageni wasituingilie, akasimama hapo mwenyewe kama askari.

Ukurasa wa tatu, Papa Déo akasoma: "Mukwaju, mukwaju: Tch na Ch zote ziwe C."

"Mukwaju, nyota," nikajibu, "Tch na Ch zote ziwe C."

"Unafunga na nini?"

Nikatafuta mwisho wa mstari. Hapakuwa na kitu. Mikwaju miwili ya Nestor inaishia yenyewe pale mstari unapoishia; haihitaji kufungwa. Lakini mkwaju na nyota ni mlango: ukiufungua usipoufunga, kila kinachofuata kinahesabiwa kuwa ni maelezo tu ya kurukwa, mpaka kompilateri ikutane na nyota na mkwaju popote pale. Na chini yake kulikuwa na mistari miwili ya kazi, mmoja wa kugeuza Tch, mwingine wa kugeuza Ch, kisha elezo jingine ambalo nilikuwa nimelifunga vizuri. Kompilateri ilifika hapo, ikaona mlango umefungwa, ikaridhika. Mistari miwili ilikuwa imemezwa. Hapo ndipo nilipoinuka kumpa Dieudonné karatasi yake.

Na haikulalamika, kwa sababu kwa kanuni zake hakukuwa na kosa lolote. Hilo ndilo linalonifanya hata leo nisiwaamini watu wanaoniambia programu yao "imepita". Kompilateri haijui mnataka nini. Inajua tu kama mmeandika kwa sheria yake.

Niliongeza nyota na mkwaju. Alama mbili. Nikapitisha. Nikatafuta Tchirimwami, na Papa Déo akatokea kwenye ekrani, mtoto wa miaka sitini na mmoja. Nikatafuta Cibalonza. Akatokea.

Nilisimama nikamkumbatia maman wa usafi na ndoo yake.

Papa Déo hakusimama. "Wangapi uliwaambia hapana, tangu ile siku?" akauliza.

Nilikuwa na daftari. Tuliwapitisha wote upya, jina kwa jina, umeme ukiwa unakaribia kukatika, yeye akisoma, mimi nikibonyeza. Wengi jibu lilibaki lile lile. Jibu la mmoja wa Kadutu likabadilika: mtoto wake alikuwemo. Kisha mmoja wa Bagira, jirani wa Papa Déo, mwanamume aliyekuwa anapita kila Jumapili mbele ya nyumba yake. Papa Déo alivua miwani aliposikia, akaifuta muda mrefu. Taa ilizimika tukiwa tumebakiza majina manne, na hayo tuliyamaliza kwa vidole, kama zamani.

Kesho yake Dieudonné alinipeleka Mumosho. Papa Déo alitaka kwenda badala yangu, nilikataa. Tulimkuta Maman Sifa shambani, anapalilia maharagwe. Alikuwa amenyoa kichwa, kama wafanyavyo waliofiwa. Nikajua kabla hajaniambia: alikwisha kumlilia mtoto wake. Jirani mmoja aliniambia pembeni kwamba walifanya matanga aliporudi kutoka mjini, kwa kuwa mashini ilisema.

"Maman Sifa," nikasema, "tumemuona. Iko Kamanyola, kwa masista."

Hakuanguka, hakupiga kelele. Alishika jembe kwa mikono miwili.

"Kidonda iko?"

"Ya moto. Mukono ya kushoto."

Akakaa chini katikati ya maharagwe. Nikakaa naye. Nikamwambia yote, kwa sababu njia nzima nilikuwa nimejiapiza: kwamba alikuwemo ile siku, kwamba mashini haikuwa na hatia, kwamba ni mimi niliyeharakisha na kuacha alama mbili. "Mimi njo nilikosa, Maman. Unisamehe."

Aling'oa gugu lililokuwa karibu na goti lake. Chini, mbali, Ruzizi ulikuwa unasikika.

"Nililia siku kumi na mbili," akasema. "Zile siku hakuna mwenye atanirudishia." Kisha akainuka, akapangusa udongo kwenye magoti. "Ngojeni ninawe mikono, twende."

Ruhusa ya kushuka Kamanyola na abiria hatukuwa nayo, kwa hiyo alilala kwa dada yake Bagira, na siku ya tatu Dieudonné alimleta mtoto ofisini. Maman Sifa alikuwa amesimama uani tangu asubuhi, amekataa kiti, amekataa chai. Gari liliingia. Mlango ulifunguliwa, na msichana mdogo mwenye gauni refu kuliko yeye akashuka kinyumenyume, kama wanavyoshuka watoto kwenye magari marefu. Akageuka. Mama yake hakuweza kusogea hata hatua moja, kwa hiyo mtoto ndiye aliyekuja, taratibu, akimwangalia juu na chini ili awe na hakika. Alipomfikia alimshika kitenge kwa ngumi, akakikaza.

Wote tulikuwa tumesimama: Papa Déo na koti lake, maman wa usafi, mimi mlangoni. Cibalonza akainua mkono mwingine, ule wenye kovu, akamgusa mama yake kichwani, pale nywele zilipokuwa.

"Maman, juu ya nini ulinyoa?"

Maman Sifa akainua macho, akanitazama mimi. Sikuyakwepa macho yake. Kisha akamwinamia mtoto.

"Chawa," akasema. "Kulikuwa chawa. Nywele zitaota."